Upatanisho wa Msalaba (3): Damu Ilitoka kwa Nani, Ikamwendea Nani?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulitazama dhambi na agano. Sasa tumefika kwenye damu yenyewe, na hapa ndipo mahubiri mengi yanapojikwaa. Mkristo akiulizwa Yesu alikufa kwa nini, atajibu bila kusita kwamba alikufa kwa ajili ya dhambi zetu. Ukimwuliza tena damu hiyo alilipwa nani, jibu linaanza kuyumba. Wengi wataeleza kwamba Mungu alikasirika, akadai damu, Mwana akajitia katikati, hasira ikatulia. Naamini maelezo hayo yanaigeuza Injili kichwa chini miguu juu. Sisemi hivyo kwa sababu watu wa siku hizi hawapendi habari za damu. Nasema kwa sababu Maandiko yenyewe, tangu Torati, yanaifanya sadaka ya upatanisho kuwa kitu kinachotoka kwa Mungu kabla hakijarudi kwake.

Tuanze na sura ya 16 ya Mambo ya Walawi, inayoeleza Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Kuhani mkuu anavaa kitani tupu. Anachinja kwanza ng'ombe dume kwa dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, kisha anaingia nyuma ya pazia na chetezo, moshi wa uvumba ukifunika kiti cha rehema asije akafa. Ananyunyiza damu kwa kidole, mara saba mbele ya kiti. Halafu wanahusika mbuzi wawili waliopigiwa kura. Wa kwanza anachinjwa, na damu yake inatumika vilevile, kupatakasa patakatifu, hema na madhabahu, mahali palipochafuliwa na dhambi za watu. Wa pili anabaki hai. Kuhani anaweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa chake, anaungama maovu yote ya Israeli, kisha mbuzi anapelekwa jangwani. Msomaji na asimame hapo kidogo, kwa kuwa jambo hili hupitwa haraka mno: mbuzi anayebebeshwa dhambi siye anayechinjwa. Kama kiini cha ibada ile kingekuwa kumwadhibu mnyama badala ya mtu, yule aliyebebeshwa maovu ndiye angekatwa koo. Yeye anayachukua maovu na kutokomea nayo. Damu ya mwenzake inaosha, ili Mungu Mtakatifu aendelee kukaa katikati ya watu wake.

Sura inayofuata, aya ya 11, inatoa sababu: uhai umo katika damu, na Mungu anasema yeye ndiye aliyewapa watu damu hiyo juu ya madhabahu kwa ajili ya nafsi zao. Mtoaji ametajwa, na si mwanadamu. Tena sura ya 5 inaruhusu maskini asiyeweza kupata hata njiwa wawili alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, kama lita mbili hivi, na kuhani amfanyie upatanisho, naye asamehewe. Mungu mwenye kiu ya damu asingepokea unga. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anapoandika juu ya damu na ondoleo la dhambi anatanguliza neno linalomaanisha “karibu vyote”, nadhani kwa sababu aliijua sheria hiyo. Zaburi ya 50 inakana waziwazi kwamba Mungu hula nyama ya mafahali. Ndugu zetu Waislamu nao husoma katika Sura ya Al-Hajj kwamba nyama na damu za wanyama wa kuchinjwa hazimfikii Mwenyezi Mungu, bali humfikia uchamungu wa mtu. Kwa hiyo anayewashambulia Wakristo kwa kuabudu mungu mnywa damu anashambulia jambo ambalo Torati ililikataa zamani.

Paulo, Mwisraeli aliyelelewa katika sheria hizo, anaufuata mwelekeo uleule. Katika Warumi 3 ni Mungu anayemweka Kristo mbele ya watu awe upatanisho, na katika 2 Wakorintho 5 ni Mungu anayeupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakuna mahali Paulo anaposema kwamba Mungu alipatanishwa na sisi. Katika karne ya nne Gregori wa Nazianzo aliuliza fidia ile ililipwa kwa nani. Akakataa kwamba ililipwa kwa Shetani, maana mnyang'anyi hastahili malipo. Akakataa pia kwamba Baba aliidai, yeye aliyemkataa hata Isaka alipotolewa na Abrahamu. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, ndiye anayelaumiwa mara nyingi kwa picha ya Mungu mwenye hasira. Lakini Anselm alitofautisha kulipa heshima iliyoporwa na kuadhibiwa: kikitendeka kimoja, kingine hakihitajiki. Lugha ya mahakama ilishika kasi baadaye, kwa Wanamatengenezo wa karne ya 16, na hata Calvin, akimfuata Augustino, alisisitiza kwamba upendo wa Mungu ulitangulia upatanisho.

Pingamizi la kwanza ni zito. Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na Kurani inafundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nyingine. Hakimu akimnyonga asiye na hatia ili amwachie mwuaji, amefanya dhuluma maradufu. Nakubali, na ningeukana msalaba kama ungekuwa hivyo. Lakini imani ya Kikristo haisemi kwamba Mungu alimkamata mtu wa tatu. Inasema aliyetundikwa pale ni Mungu mwenyewe katika mwili, na kwamba, kama Yohana 10 inavyoeleza, aliutoa uhai wake kwa hiari. Ukiuondoa Umungu wa Kristo, upatanisho unakuwa ukatili. Hilo ndilo jambo ambalo wahubiri wetu wangepaswa kulirudia kila Ijumaa Kuu.

Pingamizi la pili lilitolewa na Fausto Sozzini katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1594: deni likilipwa hakuna msamaha, na likisamehewa hakuna malipo. Hoja ni kali, ila inasahau kwamba kusamehe kuna gharama. Mwenye duka akikata jina la mdaiwa katika daftari, unga umekwisha kuliwa na hasara haijayeyuka, imehamia kwake. Msalaba ni hasara hiyo ikibebwa na mwenye kudai.

Je, hasira ya Mungu basi ni hadithi? Hapana, na wanaoifuta wanararua kurasa nyingi. Ila tuangalie Warumi 1 inavyoieleza: mara tatu inasema Mungu aliwaacha watu wafuate walichokichagua. Hasira ni kuachiwa mikononi mwa dhambi yenyewe na matunda yake. Kisha sura ya 8 inasema Mungu hakumwachilia Mwana wake, bali alimtoa kwa ajili yetu sote. Mwana aliingia palepale tulipoachwa. Kwa maana hiyo alibeba hukumu yetu kweli, na Isaya 53 inasimama bila kupunguzwa.

Fundisho hili limeleta matunda katika nchi zetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika ukiihubiri damu ya Yesu kuliko jambo lingine lolote. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto Kenya katika miaka ya 1950, ndugu wengi wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo kilichofungwa kwa damu ya mbuzi, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo. Baadhi yao waliuawa. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, kwa kuwa damu iliyowapatanisha na Mungu ilikuwa imewapatanisha na jirani aliyekuja usiku na panga.