Kamera Zilitangulia, Sheria Ikafuata

Septemba 2013, magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67. Mwaka uliofuata, serikali ya Kenya iliipa Safaricom kandarasi ya takriban shilingi bilioni 15 kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi, pamoja na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Ni wachache waliolalamika. Nchi ilikuwa bado msibani.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, ilikuwa imeshampa kila mtu haki ya faragha. Kilichokosekana ni sheria ya kueleza nani ahifadhi picha na taarifa za watu, kwa kazi gani na mpaka lini. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019, miaka mitano baada ya kandarasi ile.

Athari za kuchelewa huko zilionekana kwenye Huduma Namba, mpango wa kusajili wananchi kwa alama za vidole na picha za sura. Januari 2020, Mahakama Kuu ilipiga marufuku kukusanya vinasaba vya watu na kunasa kwa setilaiti mahali hasa wanapoishi. Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zenyewe, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari za mpango huo kwa faragha. Majaji hawakusema serikali isisajili watu. Walitaka ifuate utaratibu.

Wanaokusanya taarifa si serikali peke yake. Kwenye lango la jengo la ofisi, mlinzi humsogezea mgeni daftari: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saa ya kuingia. Ukurasa uko wazi, na mgeni wa kumi anasoma nambari za wale tisa waliomtangulia.

Biashara nazo zimeanza kuonja makali ya sheria. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya burudani ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuombwa ruhusa.

Mwananchi yeyote anaweza kuuliza taarifa zake zinatumikaje, na kudai zisahihishwe au zifutwe zikiwa za uongo. Akipuuzwa, anamlalamikia Kamishna, ambaye amepewa siku 90 kumaliza uchunguzi.

Kamera za polisi ni suala jingine. Sheria hiyohiyo inasamehe taarifa zinazohitajika kwa usalama wa taifa, na mara nyingi anayeamua kwanza kwamba zinahitajika ni yuleyule anayezishikilia. Anayepinga uamuzi huo hana budi kwenda mahakamani, kama walivyofanya waliopinga Huduma Namba.