Kirumbizi cha Lamu Chafundishwa Garissa kwa Simu

Mtu akiniuliza kama kirumbizi chaweza kufundishwa kwa simu, humjibu kwamba nusu yake chaweza. Nimekaa Garissa mwaka wa kumi na moja sasa, na huu ni mwaka wa nne tangu vijana saba wa mtaani kwetu waanze kujifunza mchezo huo kutoka kwa mwalimu aliye Lamu, zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Hola na Garsen. Watatu ni wana wa watu wa pwani waliohamia huku kwa biashara na kazi. Wanne ni Wasomali ambao walikuwa hawajapata kuiona bahari. Mimi ndiye niliyetwikwa kazi ya kupokea na kupeleka picha, kwa kuwa simu yangu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zao.

Kwa msomaji aliyekisikia kirumbizi kwa jina tu, yafaa nieleze kidogo. Ni ngoma ya fimbo. Watu huzunguka, ngoma na zumari hulia, na wawili huingia katikati, kila mmoja na fimbo yake. Huyu hupiga, yule hukinga, kisha mambo hugeuka. Huchezwa arusini, na hasa Mfungo Sita, wakati Lamu inapojaa wageni waliokuja kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Saleh mwishoni mwa karne ya 19. Nao watu wa Misri wana mchezo wao wa fimbo, tahtib, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2016. Chetu hakijafika huko, wala sidhani kwamba wazee wa Lamu wanakosa usingizi kwa hilo.

Mafunzo yenyewe huenda hivi. Kila Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, mwalimu hupigwa picha ya video na mjukuu wake akionyesha jambo moja tu: hatua ya kuingia, au namna ya kukinga kichwa, au kugeuza kiganja. Picha hupita kwa WhatsApp. Vijana huifanyia mazoezi wiki nzima, kisha kila mmoja hujipiga picha na kuirudisha. Mwalimu hajibu kwa maandishi. Hutuma sauti, na wakati mwingine hucheka kwanza kabla ya kusema neno.

Miezi ya mwanzo kulikuwa na kero ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwalimu alipokuwa akisimama mbele ya simu, mkono wake wa kulia ulikuwa upande wa kushoto wa kijana anayemtazama, na vijana nao wakijipiga kwa kamera ya mbele, ile inayogeuza sura kama kioo, mwalimu alidhani darasa zima ni la watu wa shoto. Tangu hapo mjukuu husimama nyuma ya babu yake, ili kijana amwone mwalimu mgongoni na kumfuata kama maamuma anavyomfuata imamu. Dawa ndogo, lakini iliokoa mafunzo.

Lakini nataka kusema juu ya jambo zito zaidi. Vijana saba wenye fimbo, wakiruka kwa mpango mmoja, katika mji wa Garissa si jambo dogo. Wazee wa hapa hawajaisahau Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi ulipotiwa moto. Watu wa Wajir wana Wagalla yao ya Februari 1984. Na vijana wenyewe wanaikumbuka tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na watu 148 wakauawa. Katika nchi kama hii, kijana anayeonekana akifanya mazoezi na wenzake kando ya mji ana hatari mbili: serikali itamdhania mabaya, na wenye mabaya watamtamani.

Baba wa kijana mmoja alinijia dukani akaniambia, "Mwalimu, mimi sichukii fimbo. Nimekua nayo nyuma ya ngamia. Ninalochukia ni mwanangu kuonekana."

Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli tupu. Tulikwenda kwa wazee wa mtaa, kisha kwa chifu, tukiwa na simu mkononi. Tuliwaonyesha picha za Lamu, kanzu na kofia, zumari na watoto wanaocheka pembeni. Picha zile zilifanya kazi ambayo maneno yangu yasingeifanya. Tukaruhusiwa kwa sharti kwamba mazoezi yawe ndani ya ua wa nyumba, mchana, na lango liwe wazi. Ufukwe wa Mto Tana, penye kivuli cha miembe na upepo, tukauacha.

Ngoma nayo tuliiacha. Baadhi ya majirani hawapendi kusikia ngoma wala zumari, na mgeni hana haki ya kumchokoza mwenyeji mlangoni kwake. Nawakumbusha tu wasomaji kwamba Habib Saleh mwenyewe, alipoanza kusoma Maulidi kwa matari pale Lamu, alipingwa na baadhi ya wakubwa wa mji. Sisi tulitumia makofi. Makofi hayakuudhi mtu, ila hayakufundisha kitu.

Mzee mmoja Msomali, aliyekimbia vita vya kwao miaka ya 1990, huja kukaa kwenye kigoda langoni na kutazama. Yeye hahitaji kuelezwa. Anatoka upande wa Afgooye, penye Mto Shebelle, ambako kila mwaka mpya wa jua watu wa pande mbili hukabiliana kwa fimbo katika mchezo uitwao Istunka. Zamani, husema, ulichezwa kwa silaha za kweli. Aliwatazama vijana wetu wiki mbili nzima bila ya kusema lolote, kisha akasema kwa Kiswahili chake kizito: "Hawa wanapiga hewa. Hewa hairudishi."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwaka jana, siku kumi kabla ya Maulidi, watano kati ya saba walipanda basi kwenda Lamu. Wawili walibaki. Mmoja mama yake alikataa, kwa khofu ya njia ambayo tangu mauaji ya Mpeketoni ya 2014 haijawatoka watu moyoni. Mwingine yuko Hulugho kwa mjomba wake. Katika sehemu kama zile za karibu na mpaka minara ya simu imelipuliwa mara nyingi, na mtandao ukipotea hata masomo ya Ijumaa hayamfikii.

Lamu walilala kwa jamaa yangu Langoni. Baada ya alfajiri mwalimu huwachukua ufukweni maji yanapotoka. Asubuhi ya kwanza aliwapa fimbo wote, akaita vijana watano wa mjini, na kabla hata zumari halijapulizwa walimu na wapita njia walikwisha kujua ni nani amefundishwa kwa simu. Hatua zao zilikuwa safi, labda safi kuliko za wenyeji. Macho yao, lakini, yaliganda kwenye fimbo ya mwenzao kama waliyokuwa wakiitazama kiooni.

"Tezama mato yake, mwanangu," mwalimu alisema. "Fimbo haijui iendako."

Siku tatu walipigwa vidole. Siku ya nne ngoma ilipoingia, mmoja wao, Msomali, mwana wa yule baba aliyenijia dukani, alikinga mapigo manne mfululizo bila ya kuangalia chini, na miguu yake ikaenda na ngoma. Nilimpiga picha, nikampelekea baba yake papo hapo. Jibu lilichelewa mpaka usiku: "Lango la nani hilo nyuma yake?" Nikamwambia ni la ngome ya mji. Akauliza kama ni wazi.

Mwaka huu mwalimu amebadili utaratibu. Hapokei tena picha ya mtu mmoja. Kila Ijumaa anataka kuwaona wawili wawili, fimbo kwa fimbo, na yule wa Hulugho ameambiwa amfundishe binamu yake ili apate mtu wa kumrudishia.