Katika Matembezi ya Wazee, Aliye Nyuma Ndiye Kamanda

Askari hufundishwa kutembea kabla hajafundishwa kulenga shabaha. Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti tunakumbuka vizuri zile asubuhi za baridi, mkufunzi akihesabu kushoto, kulia, naye mwenye miguu mizito akikemewa mbele ya wenzake mpaka miguu yake ilipopata akili. Tuliamini tangu siku hizo kwamba katika jambo hili la kutembea hatuna tena la kujifunza. Wazee wa Arua na Koboko wametuonyesha kwamba tulijidanganya.

Habari yenyewe ni hii. Wakati wa kiangazi kilichopita, tuliombwa kutoa vijana wachache wenye kujitolea ili wafuatane na wazee kadhaa wa mjini Arua waliotaka kuanza matembezi ya pamoja kwa ajili ya afya. Walikuwa wazee kumi na wanane, wanaume kwa wanawake. Baadhi yao ni askari wastaafu, baadhi ni wajane wa askari, na wengine ni wakulima na walimu waliokwisha kupumzika kazi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua la West Nile halijakaza, tuliondoka.

Tulitembea kama tulivyofundishwa. Baada ya kilomita moja tu, msafara ulikuwa umekatika vipande vitatu kama kamba iliyooza. Tulipofika mwisho na kuhesabu watu, tulipata kumi na saba.

MZEE CHINI YA MWEMBE

Mzee aliyekosekana alikuwa askari wa zamani. Alipoona ameachwa, alikaa chini ya mwembe kando ya njia, akapumzika, kisha akageuka akarudi kwake peke yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama nyuma. Tulimkuta nyumbani. Hakutugombeza, alituletea viti, akatukaribisha maji. Lakini Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake.

Tulirudi kumwomba radhi. Ndipo alipotueleza, kwa sauti ya chini, kwamba mwaka 1979 vita vilipofika huku, yeye na jamaa zake walikimbia kwa miguu kupitia Koboko kuelekea mpaka wa Sudan. Mama yake hakuweza tena kutembea, naye akambeba mgongoni. Wakati ule, alisema, watu walikuwa na njaa na hofu, walakini kila walipopumzika walihesabiana. Hakuongeza neno jingine, nasi hatukuwa na la kujibu.

Tumeona vema kuanza na aibu hii yetu kwa sababu ndani yake mna somo lote tunalotaka kulieleza. Mwendo wa jeshi huwekwa na mwenye nguvu. Mwendo wa wazee sharti uwekwe na aliye dhaifu kuliko wote, la sivyo hayo si matembezi ya afya, ni mashindano ya kuwaaibisha watu wazima.

KITI NI ADUI

Huenda msomaji akauliza: mzee aliyelima na kupigana maisha yake yote, kwa nini tumsumbue tena kwa kumtembeza? Je, si haki yake kukaa?

Kukaa ni haki yake, lakini kukaa kutwa kila siku ni adui yake. Mwaka 1953, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitangaza matokeo ya uchunguzi alioufanya pamoja na wenzake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji la London. Madereva walikaa kutwa nzima. Makonda walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Ilidhihirika kwamba makonda walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, ingawa watu hao walifanya kazi katika mabasi yale yale. Nasi twaweza kusema kwamba siku askari anapostaafu, aghalabu hutoka katika kazi ya konda akaingia katika kiti cha dereva, na hakuna anayemwonya.

Hapa Uganda hatari hiyo si hadithi ya ng'ambo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu, yale maradhi ambayo wengi wetu huyaita presha. La kutisha zaidi ni kwamba, miongoni mwa waliokutwa nayo, hawakufika hata mmoja katika kumi waliokuwa wakijua kwamba wanayo. Huyo ni adui aliyekwisha kuingia kambini bila mlinzi kupiga kelele.

Kutembea humpiga adui huyo polepole. Mashavu ya miguu yanapokaza na kulegea, husukuma damu kurudi moyoni. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu. Mifupa inayobeba uzito wa mwili huhifadhi nguvu zake, na mwili unaozoea kusawazisha hatua hauanguki ovyo. Kwa mzee, kuanguka mara moja na kuvunjika nyonga kwaweza kuwa mwisho wa kutembea kabisa.

NGUVU YA KUWA WENGI

Yafaa tuulize pia: kwa nini watembee kikundi, na si kila mtu peke yake?

Mwaka 2015, watafiti wawili wa Uingereza, Sarah Hanson na Andy Jones, walikusanya matokeo ya chunguzi 42 zilizofanywa katika nchi 14, zikihusu watu 1,843 waliotembea kwa vikundi. Waliona kwamba shinikizo la damu la watembeaji lilishuka, mapigo ya moyo wakati wa kupumzika yalipungua, na huzuni ilipungua pia. Aidha, wengi waliendelea bila kuacha, na madhara yalikuwa haba mno.

Hayo ya huzuni tuliyashuhudia Koboko, tulikokwenda baadaye kutazama wazee wakitembea katika njia za vijijini, Mlima Liru ukionekana mbele yao. Walikuwamo Wakakwa, Walugbara na Wanubi, na lugha iliyowaunganisha ni hii hii ya Kiswahili ambayo wengi wao waliipata jeshini au sokoni. Mama mmoja mjane alituambia kwamba dawa ya miguu anayo nyumbani. Anachokifuata pale ni salamu. Siku asipofika, alisema, kuna mtu atakayeuliza yuko wapi. Tulilitafakari neno hilo njia nzima ya kurudi Arua, kilomita zipatazo 55.

SI JAMBO GENI KWETU

Wapo wanaodhani kwamba kutembea kwa makundi ni desturi ya Wazungu. La hasha. Katika Afrika Mashariki neno matembezi lina heshima yake. Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Zanzibar huifanya tarehe 1 Januari ya kila mwaka kuwa siku ya mazoezi, na makundi ya mazoezi ya viungo hujitokeza barabarani tangu alfajiri. Hapa kwetu, Januari ya mwaka 2020, Rais Yoweri Museveni, akiwa na umri wa miaka 75, aliongoza msafara wa miguu wa kilomita 195 kutoka Galamba hadi Birembo. Mwaka 2018 Uganda ilianzisha Siku ya Taifa ya Mazoezi ya Mwili. Hali kadhalika, mwaka 2025 habari zilienea za bibi wa kijiji cha Kivubuka, Jinja, walioamua kucheza kriketi uzeeni.

Lakini mzee wa Manibe au wa Midia asidhani kwamba ni lazima afikishe kilomita 195. Hata ile hesabu maarufu ya hatua 10,000 kwa siku haikutoka kwa madaktari. Ilitokana na jina la kipima hatua kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2019, juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000, ulionyesha kwamba waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walifariki kwa uchache kuliko waliotembea hatua 2,700, na kwamba baada ya hatua 7,500 hivi faida haikuongezeka tena. Katika hatua hizo zimo pia zile za kwenda kisimani na za kufuata mbuzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu wa miaka 65 na zaidi apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusawazisha mwili. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku tano. Asiyeweza kufikisha kiasi hicho, na afanye anachoweza. Kidogo ni bora kuliko kukaa.

AMRI ZA MATEMBEZI

Baada ya kosa letu, tulikaa na wazee wenyewe tukaandika taratibu mpya. Tunazieleza hapa ili kikosi au kituo cha polisi kitakachotaka kusaidia kisianze kwa kukosea kama sisi.

Kwanza, watu wahesabiwe mara tatu: wakati wa kuondoka, katikati na mwishoni. Pili, mwenye mwendo wa polepole atangulie mbele, na kijana mwenye nguvu akae nyuma kabisa. Asiwepo mtu wa kumpita wa mbele. Tatu, mwendo uwe ule ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake, ila hawezi kuimba. Akishindwa kuzungumza, wote wapunguze. Nne, safari ianze asubuhi na mapema, kuwe na maji ya kunywa, na mahali pa kupumzika pajulikane tangu mwanzo. Miembe ya West Nile ni mingi, haitaki gharama.

Tano, njia ichaguliwe kwa busara. Barabara kuu ya kutoka Vurra hadi Oraba sasa ni ya lami, na malori yaendayo Sudan Kusini hupita kwa kasi. Ni bora kutumia viwanja vya shule na njia za vijijini, na panapokuwa hapana budi kuvuka barabara, hapo ndipo ndugu zetu wa polisi wa usalama barabarani wanapohitajika. Askari mmoja akisimama katikati ya lami na kunyanyua mkono, wazee ishirini huvuka kwa amani.

Sita, mzee apimwe kwanza katika kituo cha afya, na mwenye dawa za presha au za sukari asiziache kwa kuwa ameanza kutembea. Anayepatwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukata pumzi, asimame mara moja na apelekwe kwa mganga. Hakuna nishani ya kuvumilia maumivu ya kifua.

NENO KWA WENYE SARE

Ndugu askari, na ninyi ndugu polisi, kila mmoja wetu anatembea kuelekea siku ile atakaporudisha sare ghalani. Tukiwaacha wazee wa leo wakae peke yao mlangoni, tunajitayarishia wenyewe kiti hicho hicho. Kila mwaka, katika siku za kuelekea Tarehe Sita Februari, jeshi hutoka kwenda kwa wananchi likawatibu na kufanya usafi. Twaona kwamba asubuhi moja ya siku hizo ingefaa itolewe kwa wazee, na kisha iwe mazoea ya kila Jumamosi. Jambo hili halidai petroli wala bajeti. Ladai subira, na subira ndiyo silaha ambayo vijana wetu hawakuisomea vya kutosha.

Nao wahenga walikwisha kusema: mwenda pole hajikwai.

Jumamosi ya tatu, yule mzee wa mwembeni alikuja. Tulimweka mbele. Kijana wetu mmoja, hodari wa mbio katika kikosi, alipewa kazi ya kukaa nyuma yake na kutompita. Tulitumia dakika hamsini kwenda mahali ambapo siku ile ya kwanza tulifika kwa dakika thelathini. Njiani wazee walizungumza, walicheka, walitaniana kwa Kilugbara na Kiswahili, na mara mbili msafara mzima ulisimama ili mzee wetu avute pumzi, naye hakuona haya kwa kuwa wote walisimama.

Tulipofika tulipanga mstari, tukahesabu. Walikuwa kumi na wanane. Mzee akatuomba tuhesabu tena. Tukahesabu tena, wakawa kumi na wanane, na hapo ndipo aliporidhika akakubali kukaa.