Mradi wa sayansi usiwe chanzo cha kilio

MWANAO amerudi kutoka shuleni, mtaani Umoja, Kayole au Buruburu, na kukuarifu kwamba amechaguliwa kuonyesha chombo cha elektroniki katika maonyesho ya sayansi. Unafurahi. Jioni ya pili unamkuta sakafuni, bisibisi mkononi, akifungua runinga kuukuu. Hapo, mzazi, furaha yapasa itulie kidogo.

Stima ya majumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Mkondo wa miliampia 10 hadi 20 tu waweza kuikaza misuli ya mkono, hata mtoto ashindwe kuuachilia waya alioushika. Ukifika miliampia 50 hadi 100 na kupita kifuani, waweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Ili upate picha kamili, kile kitaa chekundu kinachowaka kwenye redio yako chaweza kutumia hadi miliampia 20.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: mradi wa mwanafunzi utumie betri kavu, jumla isizidi volti 9, na usiunganishwe na soketi kamwe.

Vya kuepukwa

Runinga kuukuu za kioo kinene na oveni za mikrowevu huhifadhi umeme hatari ndani yake hata baada ya kuchomolewa. Mtoto asizifungue.

Betri za simu nazo zikitobolewa, kupindwa au kuunganishwa vibaya huweza kulipuka moto. Betri ndogo za duara, mfano wa kifungo, ni hatari zaidi kwa wadogo zake. Ikimezwa na kukwama kooni, yaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili. Usimtapishe mtoto; mkimbize hospitalini mara moja.

Isitoshe, usimruhusu kuokota vipuri jalalani. Mwaka 2007, ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ilionyesha kwamba kati ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa la Dandora, takriban nusu walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu. Madini hayo hudhuru ubongo unaokua. Risasi hiyo hiyo hupatikana katika waya mwingi wa kulehemia. Akilehemu, awe na mtu mzima, dirisha liwe wazi, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mradi unaofaa

Je, afanye nini basi? Tazama shida za mtaani. Maji ya mfereji huja kwa zamu, mara nyingi usiku, na tangi hufurika watu wakiwa wamelala. King'ora cha maji chahitaji betri ya volti 9, transista moja, rezista, kipaza mlio kidogo na nyaya mbili zinazoning'inia karibu na mdomo wa mtungi. Maji yakizifikia, umeme kidogo hupita ndani yake, transista huukuza, na mlio husikika.

Uzuri wa mradi huu ni kwamba wafundisha somo la afya pia. Mwanao atawaeleza wageni kwamba maji ya mfereji hupitisha umeme, na ndiyo sababu mkono uliolowa haufai kugusa swichi wala pasi. Waamuzi hupenda mwanafunzi anayekielewa chombo chake kuliko mwenye chombo cha kutisha asichoweza kukieleza.

Ajali ikitokea

Mtu akinaswa na stima, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu umtenganishe na waya kwa mti mkavu au plastiki. Asipopumua, bonyeza kifua kwa nguvu na kwa haraka huku msaada ukiitwa. Hata akionekana mzima, apelekwe hospitalini, kwa maana umeme huunguza ndani pasipoonekana.

Aliyeungua kwa chuma cha kulehemia apoze kidonda kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia visipakwe.

Leo jioni, kabla ya kutoa pesa za vipuri, muulize mwanao swali moja: umeme wa chombo hiki watoka wapi? Akijibu 'kwenye soketi', mketi chini mchague mradi mwingine. Tahadhari kabla ya hatari.