Usitupe mikanda ya PVC

Unabadilisha dirisha la nyuma hapa Brussels, na ukuta umevikwa PVC? Fundi atasema mikanda inayozunguka dirisha itupwe. Usikubali haraka, mingi inarudi vizuri. Ngoja siku isiyo na baridi kali, maana PVC ikipoa sana inavunjika kama biskuti. Ing'oe taratibu, kila kipande kiandike namba kwa nyuma. Wakati wa kurudisha, msumari ukae katikati ya tundu na usiukaze: jua likiwaka plastiki hutanuka, ikibanwa inajikunja.

Vimevunjika? Basi vipya avilete na kuvifunga fundi mwenye namba ya TVA, akupe ankara. Nyumba ya kuishi iliyozidi miaka 10, TVA ni 6%. Ukinunua mwenyewe dukani, 21%. Kwa vifaa vya euro 1,000 hiyo ni euro 150, jamani.