Viungo kuvimba si uzee tu: panya walionyesha

Asubui, mbele ya posti ya kwanza, kuko ndugu zetu wenye hawawezi kufunga vifungo vya shati. Vidole vya mikono yote mbili vimevimba, vinakuwa vigumu saa moja na zaidi. Wakienda kwa munganga wanajibiwa: "Ni uzee." Na mutu ana miaka 38!

Sisi wa sendika tunasema: uzee unakula goti lenye lilibeba muzigo. Lakini kuko ugonjwa mwingine, pale askari wa mwili wanageuka na kupiga viungo vya mwenye mwili. Katika mwaka 1953, munganga Caplan aliandika juu ya wachimbaji wa makaa kule Wales, Uingereza: wenye ugonjwa huo wa viungo walikuwa na alama za pekee katika mapafu yenye vumbi. Leo inajulikana kama vumbi la mawe, silika, linaongeza hatari yake.

Namna gani? Njo panya wanasaidia. Wenye elimu wanawachoma sindano ya kolajeni, protini ya gegedu ya ngombe. Nyuma ya majuma machache, miguu ya panya inavimba, juu askari wa mwili wanapiga hata kolajeni yao wenyewe. Ndani ya viungo, protini moja, TNF, inapanda sana: ni yenye kupiga kengele ya vita. Protini zingine zinageuka sura: kipande chenye kuitwa arjinini kinakuwa sitrulini. Kwa watu, mwili unaziona kama mugeni, na vumbi na moshi wa tumbaku vinaweza kuanzisha mageuzi hayo katika mapafu.

Katika 1992, kule London, Williams, Feldmann na Maini walizuia TNF katika panya: kuvimba kukapunguka. Mwaka ule ule dawa ya namna ile ikaanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Iko bei kali. Lakini methotrexate, dawa ya zamani, bei yake ni ndogo, na munganga anapashwa kuifuata kwa kupima damu.

Basi, ndugu, usingojee vidole vipinde. Ukiamka mikono migumu majuma sita, omba wapime damu: facteur rhumatoïde na anti-CCP. Mwambie munganga miaka yenye ulikula vumbi, aandike. Na wakubwa wa kazi tunawaomba jambo moja: maji kwenye mashine ya kutoboa, kila siku. Mama na watoto wanakula kwa mikono hii.