Roboti Haina Kinywa

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kufundishwa nchini Uganda mwaka 2020, umewataka wanafunzi wafanye miradi kwa mikono yao wenyewe, na watahiniwa wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mtaala huo walifanya mtihani wao mwaka 2024. Miongoni mwa vitu ambavyo vijana wa vidato vya juu hupenda kuvitengeneza zimo roboti: vigari vifuatavyo mstari, mikono ya chuma ikamatayo kopo, mashine zigeukazo zikikaribia ukuta. Askari wengi ni wazazi wa vijana hao, na maofisa wa jeshi na polisi huweza kualikwa kuwa wageni katika maonyesho ya shule. Kwa hiyo twaona inafaa kuzungumzia jambo moja ambalo kwa wingi wa kazi huachwa hadi juma la mwisho, nalo ni kumfundisha kijana kuieleza kazi yake ikaeleweka.

Mwendo wa maonyesho hayo wajulikana. Kijana asimama wima, atoa salamu, kisha aanza kutaja vyombo: bodi ya Arduino, mota mbili, betri, waya, programu. Wageni watikisa vichwa kwa adabu. Baada ya dakika 10 hakuna aliyejua mashine ile yafanya nini, wala ni nani angeihitaji. Hatumlaumu kijana. Ameamka na kulala na mashine hiyo muhula mzima. Kwake kila kitu ki wazi, na ndiyo sababu haoni kilichofichika kwa mwenzake.

Historia ya vita ina mfano mchungu wa jambo hili. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava katika rasi ya Crimea, Jenerali Raglan wa Uingereza alikuwa amesimama mlimani. Kutoka pale aliwaona Warusi wakitaka kuondoa mizinga waliyoiteka, akatuma amri ya maandishi kwamba wapanda farasi wasonge mbele upesi wawazuie. Amri haikueleza ni mizinga ipi. Lucan, mkuu wa kikosi cha farasi, alikuwa chini bondeni na hakuweza kuiona. Alipomwuliza Kapteni Nolan aliyeileta amri, Nolan alinyosha mkono kuelekea bondeni. Wapanda farasi wapatao 670 wakapelekwa moja kwa moja mbele ya mizinga mingine ya Warusi iliyopangwa mwisho wa bonde, na zaidi ya 100 wakauawa. Raglan hakusema uongo. Alisahau tu kwamba msomaji wa amri yake hakusimama mlimani pamoja naye.

Mwanafunzi wa roboti naye yuko mlimani, na wasikilizaji wake wako bondeni.

Jeshini dawa yake twaijua. Ofisa kadeti hufundishwa kutoa amri kwa mpango usiobadilika: hali, jukumu, utekelezaji, ugavi, kisha uongozi na mawasiliano. Mpango huo wafaa sana kwa roboti kwa sababu humkataza msemaji kuanzia katikati. Aanze na hali, yaani shida yenyewe ni ipi na humpata nani. Kisha jukumu, katika sentensi moja tu: “Mashine hii hubeba dawa kutoka stoo hadi wodini bila kugonga mtu.” Kijana asiyeweza kuitamka sentensi hiyo, twathubutu kusema, bado hajajua anatengeneza nini, na afadhali agundue hilo mapema kuliko siku ya maonyesho. Vyombo na waya huja baadaye, na kila kimoja kitajwe kwa kazi yake. Ugavi ni betri na gharama. Mawasiliano ni nani huiongoza mashine, na huisimamisha vipi ikienda kombo. Swali hili la mwisho husahauliwa mno, ingawa askari yeyote angelianza nalo.

Tuchukue kifaa kipimacho umbali, kinachotumika sana katika roboti za shule. Kukitaja jina hakumfaidii msikilizaji. Lakini kijana aweza kusema: kifaa hiki hufanya kama popo. Hutoa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, kisha hungoja mwangwi. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 1 ya 100 ya sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 3.4, basi kizuizi kiko umbali wa mita 1.7. Hapo hata mpishi wa mesi ameelewa. Na akisha kuelewa, ataweza kuambiwa lililo muhimu zaidi: kwamba nguo laini hunyonya sauti, na ubao uliowekwa mshazari huirusha kando, hivyo mashine hiyo yaweza kuuona ukuta isimwone mgonjwa aliyejifunika blanketi. Kijana anayefichua udhaifu huo mwenyewe amefanya kazi ya mhandisi. Anayeuficha ameandaa ajali.

Kadhalika, “inafanya kazi vizuri” si taarifa. Polisi akiandika katika jalada kwamba gari lilikuwa “likienda mbio sana”, hakimu atamwuliza ni mbio kiasi gani, na nani aliyepima. Mwanafunzi naye aseme aliijaribu mara ngapi, ilifaulu mara ngapi, na ilishindwa wapi.

Hili si pambo la shule. Mwaka 1972 Luteni Kanali Peter Miller wa jeshi la Uingereza alibuni mashine ya kuyakabili mabomu yaliyotegwa ndani ya magari huko Ireland ya Kaskazini. Alianza na fremu ya toroli la bustani lililoendeshwa kwa umeme, na mashine ikapewa jina la Wheelbarrow, yaani toroli. Shida yake ilielezeka kwa maneno machache: ondoa gari linaloshukiwa bila mtu kulikaribia. Sisi tulioona miji yetu ikilipuliwa, Kampala tarehe 11 Julai 2010 na tena tarehe 16 Novemba 2021, hatuhitaji kuambiwa thamani ya mashine kama hiyo. Lakini mtegua bomu huikabidhi roboti maisha yake. Aliyeitengeneza asipomwambia wazi ni ngazi zipi haipandi na ni umbali gani mawimbi yake hupotea, atayajua hayo mahali pasipofaa kujifunzia.

Jinsi ya kufundisha ni rahisi, ila yataka uvumilivu. Baada ya kutoa amri, kamanda mwema humwita mdogo wake airudie kwa maneno yake mwenyewe. Mwalimu naye amwite mtu asiyejua roboti, mlinzi wa lango au mke wa sajini, asikilize, kisha aeleze alichosikia. Palipopotoka ndipo pa kurekebisha, na anayerekebishwa ni msemaji. Wakati uwekwe mfupi. Katika mashindano ya FIRST Tech Challenge, yenye asili yake Marekani, timu hupewa dakika 5 za kujieleza mbele ya waamuzi bila kukatizwa, kisha huulizwa maswali. Dakika 5 zatosha.

Twashauri pia zoezi moja lifanywe kwa Kiswahili, hata kama maonyesho yatakuwa kwa Kiingereza. Kijana aliyekariri maneno asiyoyaelewa atakwama papo hapo, na kukwama huko kutamwonyesha mwalimu pa kuanzia. Akiulizwa asilolijua, azoeshwe kujibu, “Hilo hatujalipima,” kisha aseme angelipimaje. Betri ya akiba ichajiwe usiku wa kuamkia maonyesho, na kijana ajue tangu mapema atasema nini endapo mashine itakataa kuwaka, maana dakika zake ni zile zile 5.